Bendera ya Shirikisho la Kusini na mlingoti wa serikali: jibu kwa mama wa Columbia

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, nimehamia Columbia, South Carolina, kutoka Tanga. Bendera nyekundu yenye msalaba wa buluu na nyota nyeupe naiona kwenye magari na kwenye baraza za nyumba, lakini mwenzangu kazini ananieleza kwa uchungu kwamba serikali iliishusha pale kwenye Jengo la Bunge la jimbo, na kwa kufanya hivyo ikafuta historia ya babu zake na kuvunja uhuru wa kusema. Mwanangu wa kiume naye ananiuliza: kama bendera hiyo ni mbaya, mbona jirani ameachwa nayo? Na kama jirani anaruhusiwa, mbona serikali iliishusha? Nimjibu nini?

Jibu:

Dada yangu, nakushukuru kwa kuuliza kwa utulivu jambo ambalo wengi huliuliza kwa hasira. Mwanao amegusa kiini cha mjadala wote kuliko watu wazima wengi niliowahi kuwasikia, kwa sababu amewaweka jirani na serikali upande kwa upande na kuona kwamba hawatendewi sawasawa. Hawatendewi sawasawa kwa kuwa hawasemi kwa niaba ya watu walewale. Jirani anapotundika bendera barazani kwake, anayesema ni yeye na nyumba yake. Serikali inapoipandisha kwenye mlingoti wake, inasema kwa jina la kila mkazi wa jimbo, ukiwemo wewe uliyehamia juzi, na akiwemo mjukuu wa aliyekuwa mtumwa. Hilo ndilo jibu fupi. Hata hivyo halitamtosha mwenzako wa kazini, ambaye uchungu wake ni wa kweli, kwa hiyo niruhusu nilieleze jambo hili tangu mwanzo.

Bendera unayoiona haikuwa bendera ya kwanza ya Shirikisho la majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani. Ile ya kwanza, ya mwaka 1861, ilifanana mno na bendera ya Marekani, hata katika mapigano ya Manassas mwezi Julai mwaka huo askari wakashindwa kutofautisha wenzao na adui katikati ya moshi na vumbi. Ndipo jeshi la Virginia likachukua mchoro uliokuwa umependekezwa na William Porcher Miles, mwanasiasa kutoka South Carolina, ukawa bendera ya vitani. Mwaka 1863 mchoro huohuo ukawekwa kwenye pembe ya bendera mpya ya taifa lao, na mwaka 1865 Kusini ikashindwa vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe na taifa lenyewe likaanguka. Kwa miongo mingi baada ya hapo bendera hii ilionekana zaidi kwenye makaburi, kwenye mikutano ya wazee waliopigana na kwenye maadhimisho ya wafu wao.

Je, walipigania nini? Hapa mwenzako atakuambia kwamba walipigania haki za majimbo, na ni heri tuwasikilize waliojitenga wenyewe badala ya kuwasemea. South Carolina ilikuwa ya kwanza kujitenga, tarehe 20 Desemba 1860, na siku chache baadaye ikatoa tamko la kueleza sababu. Tamko hilo linalalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka, na kwamba amechaguliwa rais ambaye mawazo yake yanaupinga utumwa. Machi 1861, Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho hilo, aliwaambia watu wa Savannah kwamba jiwe la pembeni la serikali yao mpya ni ile wanayoiita kweli kuu, yaani kwamba mtu mweusi si sawa na mtu mweupe. Haki ya jimbo iliyokuwa inadaiwa, basi, ilikuwa haki ya kummiliki binadamu.

Kuna hesabu moja ningependa mwanao aijue. Sensa ya mwaka 1860 iliandikisha watu 703,708 katika South Carolina, na kati yao 402,406 walikuwa watumwa. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba bendera hii ni urithi wa watu wa South Carolina wa wakati ule, anawaacha nje zaidi ya nusu ya watu wa South Carolina wa wakati ule. Silengi kumdhalilisha mwenzako wala babu zake. Wako vijana wengi waliokufa chini ya bendera hiyo wakiwa hawana mtumwa hata mmoja, na mjukuu ana haki ya kumlilia babu yake na kulipamba kaburi lake. Lakini kumlilia marehemu kwenye kaburi ni jambo la familia, na kupandisha bendera juu ya jengo linalotunga sheria za wote ni jambo la utawala, na mawili hayo hayapaswi kuchanganywa.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote, na ambayo husahaulika katika mabishano mengi. Watu hubishana kuhusu mwaka 1861, ilhali bendera haikupandishwa juu ya Jengo la Bunge mwaka 1861. Ilipandishwa mwaka 1961, miaka 100 baadaye, kwa maadhimisho ya vita hivyo, na mwaka 1962 Bunge la jimbo likapitisha azimio la kuipeperusha juu ya kuba, azimio ambalo halikutaja tarehe ya kuishusha. Maadhimisho ya miaka 100 yalikwisha mwaka 1965 na bendera ikabaki pale pale.

Ili kuelewa maana ya kitendo hicho ni lazima tuangalie kilichokuwa kikitokea Kusini katika miaka hiyo. Mwaka 1948 Strom Thurmond, gavana wa South Carolina, aligombea urais kwa chama kilichojitenga na Democratic kwa kupinga haki za raia kwa Weusi, na bendera hii ikapepea kwenye mikutano yake. Wazazi weusi wa kaunti ya Clarendon, katika jimbo hilohilo unaloishi, walifungua kesi kuhusu shule za watoto wao, na kesi yao ikaunganishwa na nyingine zilizozaa uamuzi wa mwaka 1954 wa Mahakama ya Juu ya Marekani uliobatilisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Mwaka 1956 Georgia ikabadilisha bendera yake ya jimbo na kuingiza msalaba huu. Mwaka 1963 gavana wa Alabama, George Wallace, akaipandisha juu ya Bunge la Montgomery wakati Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, alipofika kuzungumza naye kuhusu ubaguzi.

Na pale Columbia, kwenye viwanja vilevile unavyoweza kuvitembelea leo jioni, tarehe 2 Machi 1961, wiki chache tu kabla ya bendera kupandishwa, wanafunzi weusi walitoka kanisani kwa makundi wakaandamana kwa amani hadi Jengo la Bunge kupinga ubaguzi. Walipoamriwa kutawanyika waliimba, na 187 kati yao wakakamatwa na kutiwa hatiani. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ikafuta hatia zao, ikisema jimbo lilikuwa limevunja uhuru wao wa kusema na kukusanyika. Mwenzako anapotaja uhuru wa kusema katika viwanja vile, mwambie kwa upole kwamba mahali pale pana kesi maarufu ya uhuru wa kusema, na walioishinda ni wale vijana.

Siwezi kudai kwamba najua kilichokuwa moyoni mwa kila mbunge aliyeunga mkono azimio la mwaka 1962. Pengine wapo waliowakumbuka tu wafu wao. Ninachojua ni kwamba hakukuwa na mbunge mweusi hata mmoja katika chumba kile, wala hakupatikana hadi uchaguzi wa mwaka 1970. Wakazi weusi wa jimbo waliamka asubuhi wakaikuta bendera juu ya serikali yao bila kuulizwa, katika miaka ileile walipokuwa wakidai kupiga kura na kusomesha watoto wao. Kwa maoni yangu, tarehe ya kupandishwa kwa bendera ina uzito kuliko tarehe ya kushonwa kwake, kwa sababu kushona ni kazi ya mwanajeshi wa zamani, lakini kupandisha ni uamuzi wa serikali fulani, wakati fulani, mbele ya watu fulani.

Mabishano ya kuishusha yalichukua muda mrefu. Gavana David Beasley alipendekeza mwaka 1996 iondolewe kwenye kuba, akashindwa Bungeni, na miaka miwili baadaye akashindwa uchaguzi. NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kiliitisha mgomo wa kiuchumi dhidi ya jimbo, na mwezi Januari 2000, siku ya Martin Luther King, zaidi ya watu 40,000 waliandamana Columbia. Mwaka huohuo yakapatikana maafikiano: bendera ikashushwa kwenye kuba, ikahamishiwa kwenye mlingoti kando ya mnara wa askari wa Shirikisho, mbele kabisa ya jengo, na sheria ikaweka sharti kwamba isiguswe tena bila theluthi mbili ya kura za mabaraza yote mawili. Wengi waliona suala limekwisha. Mimi naona maafikiano yale yaliisogeza bendera karibu zaidi na macho ya mpita njia, kisha yakaifunga kwa kufuli.

Kufuli hilo lilionekana wazi mwezi Juni 2015. Usiku wa tarehe 17, kijana mweupe aliyekuwa ameketi na waumini katika kipindi cha Biblia kwenye kanisa la Emanuel AME, Charleston, aliwaua watu tisa, akiwemo mchungaji wao Clementa Pinckney, aliyekuwa pia seneta wa jimbo. Zikapatikana picha za muuaji akiwa na bendera hii. Bendera ya Marekani na ya jimbo zikateremshwa nusu mlingoti, lakini ile ya Shirikisho ikabaki juu kabisa, kwa kuwa sheria ilikuwa imeilinda na kwenye mlingoti wake hapakuwa na kapi ya kuishushia. Jeneza la Mchungaji Pinckney lilipita karibu nayo kuingia Jengo la Bunge ili wananchi wamuage, na ndani ya jengo lilitundikwa pazia jeusi dirishani ili waombolezaji wasiione. Nimeisoma habari ile mara nyingi na kila mara inaniumiza, kwamba serikali ililazimika kuziba dirisha lake yenyewe ili kuwasitiri raia wake na bendera iliyoipandisha yenyewe.

Tarehe 27 Juni mwanaharakati Bree Newsome alipanda mlingoti ule akaishusha kwa mikono yake, akakamatwa, na bendera ikarudishwa kabla ya saa moja kupita. Gavana Nikki Haley alikuwa ameshaliomba Bunge liiondoe. Katika Seneti, miongoni mwa waliosimama kuunga mkono ni Paul Thurmond, mwana wa Strom Thurmond niliyemtaja hapo juu, aliyesema kwamba hajivunii urithi wa kupigana ili binadamu wabaki watumwa. Seneti ilipitisha kwa kura 36 dhidi ya 3, na Baraza la Wawakilishi, baada ya mjadala uliovuka usiku wa manane, kwa 94 dhidi ya 20. Tarehe 10 Julai 2015 bendera ikashushwa, ikakunjwa kwa heshima, na kupelekwa kwenye jumba la makumbusho ya kijeshi mjini humo humo. Naomba umkumbushe mwenzako hesabu ya kura hizo: theluthi mbili zilipatikana kwa ziada, nyingi zikiwa za wajumbe weupe wa Kusini.

Sasa nirudi kwenye sheria. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanaizuia serikali kumnyamazisha raia. Hayailazimishi serikali yenyewe kusema maneno ambayo raia fulani angependa iyaseme. Mahakama ya Juu huiita hali hiyo usemi wa serikali. Mwaka 2009, katika kesi ya mji wa Pleasant Grove, iliamua kwamba mnara wa kudumu katika bustani ya umma ni usemi wa serikali hata kama umetolewa zawadi na kikundi cha watu. Tarehe 18 Juni 2015, siku moja tu baada ya mauaji ya Charleston, iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba Texas inaweza kukataa kuchapisha bendera hii kwenye vibao vya namba za magari, kwa kuwa kibao cha namba ni sauti ya jimbo. Ikiwa kibao kidogo nyuma ya gari la mtu binafsi ni sauti ya jimbo, sembuse mlingoti mbele ya Bunge?

Ila kanuni hiyo ina mpaka wake, na ni vyema mwenzako aujue kwa sababu unaweza kumnufaisha. Mji wa Boston ulikuwa na mlingoti mbele ya ofisi zake ambao vikundi vya raia viliruhusiwa kupandishia bendera zao, na ulikuwa haujamkatalia mtu kwa miaka 12. Ulipokataa bendera ya Kikristo ya kikundi kimoja, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi mwaka 2022, majaji wote tisa wakikubaliana, kwamba mji umekosea. Sababu ni kwamba mlingoti uliokopeshwa kwa kila aliyeomba, bila serikali kuchagua ujumbe wake, umegeuka kuwa jukwaa la raia, na serikali ikishawafungulia raia jukwaa haiwezi kumfungia mmoja kwa sababu ya imani yake. Mlingoti wa Columbia haukuwa hivyo. Ulikuwa na bendera moja tu, iliyochaguliwa na Bunge na kulindwa kwa sheria.

Wewe uliyekulia pwani utalielewa jambo hili bila kitabu cha sheria. Muulize mzee yeyote wa Mombasa kuhusu bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliyopepea Fort Jesus hadi mwaka 1963. Waingereza ndio waliotawala, waliokusanya kodi na kuendesha mahakama, lakini bendera ile ilitangaza ukanda wa pwani ni wa nani, na ndiyo maana kuondoka kwake kulijadiliwa kwa mikataba. Kila aliyepita chini yake alijua inasema nini.

Kuhusu jirani, mwambie mwanao kwamba nchini Marekani jirani analindwa na sheria hata kama bendera yake inamchukiza kila mtu mtaani, kama anavyolindwa anayeichoma bendera ya Marekani yenyewe, jambo lililoamuliwa mwaka 1989. Haina maana kwamba sheria inaipenda bendera ile. Maana yake ni kwamba Wamarekani wamechagua kutoipa serikali mamlaka ya kupanga ni bendera ipi mtu ataitundika kwake. Nchi nyingine zimechagua tofauti. Afrika Kusini, ambako bendera ya rangi ya chungwa, nyeupe na buluu ilitumika tangu 1928 hadi 1994, Mahakama ya Usawa iliamua mwaka 2019 kwamba kuitundika bila sababu ya kitaaluma, ya kisanaa au ya kihabari ni matamshi ya chuki, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba kuitundika hivyo hadharani ni matamshi ya chuki. Mimi binafsi naielewa hatua ya Afrika Kusini kwa sababu ya jeraha lake la ubaguzi wa rangi, lakini nasita serikali inapobisha hodi kwenye baraza la mtu. Ninachokishikilia bila kusita ni kwamba mlingoti wa umma si baraza la mtu.

Limebaki lile la kufuta historia, na kwa hilo sitakujibu kwa hoja. Jumamosi moja mchukue mwanao, na ikiwezekana mwombe mwenzako afuatane nanyi, mtembee viwanja vya Jengo la Bunge. Mnara wa askari wa Shirikisho uliozinduliwa mwaka 1879 mtaukuta umesimama, ingawa mlingoti uliokuwa kando yake umeng'olewa. Kwenye kuta za jengo mtaona nyota sita za shaba zinazoonyesha mahali mizinga ya Jenerali Sherman wa jeshi la Marekani ilipopiga mwezi Februari 1865. Mtaona sanamu ya Ben Tillman, gavana aliyejisifu hadharani kwa kuwanyima Weusi kura, na mtaona pia mnara wa historia ya Waamerika Weusi uliozinduliwa mwaka 2001. Hakuna kilichofutwa hapo. Bendera yenyewe iko kwenye jumba la makumbusho, na mwenye kutaka kujifunza juu yake yuko huru kwenda.

Kabla hamjaondoka, simameni mbele ya sanamu ya Strom Thurmond. Iliposimikwa mwaka 1999 maandishi yake yalisema kwamba alikuwa na watoto wanne. Baada ya kifo chake ilijulikana hadharani kwamba alikuwa na mtoto mwingine, Essie Mae Washington-Williams, aliyezaa na msichana mweusi aliyekuwa mtumishi nyumbani kwa wazazi wake, na mwaka 2004 jina lake likachongwa chini ya majina ya wenzake. Neno «wanne» likabadilishwa kuwa «watano». Mwambie mwanao apitishe kidole kwenye neno hilo, maana alama za neno la awali bado zinaonekana chini ya lile jipya.